Mama Mkwe wa Jumapili

Juni 4
Mvua imefika leo mchana bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeanika kamba na pilipili uani, nikakimbia nao ndani kama mwizi. Goti limeniuma lakini kamba wamepona.

Daftari hili nimelinunua sokoni Margao pamoja na akiba ya chakula cha msimu wa mvua. Shule sikuwahi kukanyaga. Herufi nilizijua kwa kusoma mabango ya tiatri, michezo yetu ya jukwaani, yaliyobandikwa ukutani, ndiyo maana naandika herufi kubwa kubwa kama mtu anayetangaza. Anayeona vibaya asisome.

Kazi yangu ni nyuso. Nimepaka rangi wachekeshaji, mapadri wa uongo, walevi wa kuigiza na walevi wa kweli waliokuja kuigiza. Mume wangu alikuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi ya tiatri. Akafa, tarumbeta nikauza, sanduku la rangi nikabaki nalo.

Juni 7, Jumapili
Tumefungua mchezo mpya, unaitwa Funguo za Nyumba. Agostinho ameutunga, yeye ndiye mwenye kikundi. Wakati wa mvua hakuna kucheza viwanjani, tunacheza ukumbini Margao kila Jumapili alasiri, na ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Watu wamelowa, wananuka mwavuli.

Mama mkwe mbaya ni Romaldina, kama kawaida. Huu uso nimeutengeneza mimi mwenyewe, nikauboresha mwaka hadi mwaka. Nyusi nazivuta juu zikutane karibu na pua. Chini ya mashavu napaka kijivu ili aonekane ameshinda njaa. Kidevuni naweka chunjua la nta, na katika chunjua nachomeka unywele mmoja niliouchomoa kwenye brashi ya viatu. Ukumbi mzima unaliona hilo chunjua, hata waliokaa nyuma kabisa.

Tulisali pamoja nyuma ya pazia, kengele ya tatu ikalia, bendi ikaanza. Romaldina alipotokea na funguo zake kiunoni, watu walimzomea kabla hajafungua mdomo. Nilisimama pembeni nikatabasamu. Mtu ana haki ya kufurahia kazi yake.

Juni 10
Mvua. Ukuta wa jikoni umeota ukungu kama ndevu.

Juni 14, Jumapili
Leo Romaldina alifika chumba cha kuvalia akiwa amevimba macho. Nikamwambia, "Mwanangu, macho hayo nitayafunika na nini? Nina poda, sina saruji."

Akasema, "Mama Nati, wamemkataa Savio."

Savio ni mwanawe, wa pekee. Anafanya kazi kwenye meli za watalii, yuko likizo, mwisho wa Septemba anarudi baharini. Amempenda binti mmoja wa kijiji cha Chinchinim, Lavina, mwalimu wa watoto wadogo, na binti naye amempenda. Mshenga alipelekwa na posa Alhamisi. Wazazi wa binti hawakuwa na neno. Aliyekataa ni bibi yake, Perpetua.

Mshenga mwenyewe alinisimulia baadaye, humo humo chumbani, huku anakamua suruali yake iliyolowa. Bibi Perpetua alimwandalia chai na biskuti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kijana mzuri. Lakini mama yake namjua. Mwaka juzi alimfungia mkwe wake nje kwenye mvua. Mwaka jana alimnyang'anya mkufu wa harusi. Nimeona kwa macho yangu mawili, nimekaa mstari wa mbele."

Mshenga akamwambia, "Bibi, hiyo ni tiatri."

"Hata kama ni tiatri. Mjukuu wangu hapeleki shingo yake kwa yule."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikamwona Romaldina kwenye kioo, hacheki, nikachukua poda. Ikiwa hawatakubaliana kabla meli haijaondoka, kijana atakuwa huko nje miezi tisa, na mwalimu mrembo hawezi kukaa miezi tisa bila posa nyingine kugonga mlango.

Juni 16
Nimelala na kuamka na jambo moja. Ule uso si wa Romaldina, ni wangu. Mimi ndiye niliyeutia ubaya. Basi naweza kuutoa.

Nataka kujua kitu: ubaya unakaa wapi hasa? Kwenye nyusi? Kwenye chunjua? Nimeupaka miaka yote hii na sijui. Mpishi anajua ni kiungo gani kinachowasha. Nitauondoa kipande kimoja kila Jumapili, nione ni wapi watu wataacha kuzomea. Siku wakiacha, tutamwalika Perpetua.

Juni 21, Jumapili
Nimeondoa chunjua. Agostinho alipopita akauliza, "Bibi, umesahau kidevu?"

"Nta imeyeyuka na unyevu," nikamwambia. Si uongo mkubwa.

Wamemzomea vilevile. Mtu mmoja huko juu alipiga mluzi na kusema, "Amekwenda kwa daktari, lakini roho haikutibiwa." Ukumbi ukacheka. Basi si chunjua.

Juni 24
Sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Vijana wamepita na mataji ya majani na maua kichwani, wakiruka ndani ya visima vya watu kama kawaida yao, na mimi nimewapa embe na chupa ya feni, pombe ya mabibo. Jioni Savio alikuja kwangu akichuruzika, taji limemwangukia sikioni, anacheka peke yake.

"Bibi Nati, nimeruka kisima cha nyumba ya kina Lavina."

"Mungu wangu. Na Perpetua?"

"Alisimama ukingoni na mwavuli. Akaniuliza kama maji ni baridi. Akanipa kipande cha fenesi na glasi ya feni. Halafu akasema, 'Wewe nakupenda, mwanangu. Ungekuwa yatima ningekupa leo hii.'"

Huyu bibi ananivutia. Simpendi, lakini ananivutia.

Juni 28, Jumapili
Nimeshusha nyusi. Nimezilaza laini kama za bibi harusi. Wamezomea.

Agostinho amenitazama kwa jicho la pembeni.

Julai 2
Paa linavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda. Sasa linavuja juu ya sanduku la rangi. Nimelala na sanduku.

Julai 5, Jumapili
Leo nilimpaka Romaldina kama sanamu ya mtakatifu. Rangi ya waridi mashavuni, wanja mwembamba, midomo kama ya mtu anayeomba rozari. Nilipomaliza nikajiogopa mwenyewe kwa ufundi. Mwanamke yule angeweza kuwekwa kwenye altare na watu wakamwashia mshumaa.

Alitoka jukwaani. Kwa muda mfupi palikuwa kimya, nami nikashika msalaba wangu. Kisha wakazomea kwa nguvu kuliko siku zote. Mama mmoja mstari wa pili alisimama akasema, "Huyu sasa ndiye mbaya kweli, amejipaka wema."

Pazia liliposhuka, Agostinho alikuja mbio, jasho linamtoka. Mbele ya pazia mwimbaji alikuwa ameshaanza wimbo wa kati ya maonyesho, wa kuwachapa mawaziri, na watu wanapiga miluzi arudie, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona.

"Bibi, unanifanyia nini? Huyu ni mama mkwe au Bikira Maria?"

"Wamezomea au hawakuzomea?"

"Wamezomea."

"Basi unalia nini?"

"Nataka uso wangu."

"Uso si wako wala si wangu," nikamwambia. "Tumeshaujaribu. Uso hauna kazi hapo."

Aliniangalia kana kwamba nimekunywa. Lakini nilikuwa nimesema kweli na kweli yenyewe imenikera. Miaka yote hii nasimama pembeni natabasamu, kumbe wanazomea kitu kingine.

Julai 8
Nimekula uji wa mchele na achari ya embe, nikafikiri. Hakuna jipya.

Julai 12, Jumapili
Leo nimemrudishia uso wake wa zamani wote, chunjua na unywele, ili nisimwangalie usoni tena. Nilisimama pembeni ya jukwaa nikatazama mikono.

Na nimeona.

Katika onyesho la kwanza, mkwe amepika mchuzi wa samaki, amepanga meza, anangoja. Mama mkwe anaingia. Watu wanamzomea kidogo, kwa mazoea, ni salamu yao. Halafu anakwenda kwenye chungu, anainua kifuniko kwa vidole viwili, anainama, ananusa. Anakaa hapo, pua juu ya mvuke, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha anakirudisha kifuniko taratibu, bila sauti, anachukua mwavuli wake na kutoka kwenda kula kwa jirani. Hasemi neno.

Hapo ndipo ukumbi unapopasuka. Si kuzomea kwa salamu, ni kuzomea kwa tumboni. Wanawake ndio wanaoanza.

Baada ya mchezo nilimshika Agostinho mkono. "Hilo la kifuniko uliliandika wewe?"

"Lipi? Ah, lile. Hapana, mimi niliandika amtukane mkwe, ukurasa mzima wa matusi, matusi mazuri kabisa. Yeye akasema hatukani, ananusa. Hufanya hivyo kila mchezo, tangu enzi za marehemu baba."

Nimerudi nyumbani na basi, nikapitwa na kituo changu kwa kufikiri.

Julai 19, Jumapili
Nilipokuwa nampaka kijivu chini ya mashavu nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya bamia, "Romaldina, lile la kifuniko ulilitoa wapi?"

Alifumba macho. "Paka, Mama Nati. Kengele ya kwanza imeshalia."

Haikuwa imelia.

Julai 26, Jumapili
Romaldina amemwambia Agostinho kwamba Funguo za Nyumba ukiisha, hatacheza tena mama mkwe mbaya, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote. Anataka kuwa mama mwema, au mtawa, au hata mama maiti anayelala kwenye jeneza tangu pazia la kwanza.

Agostinho amekaa chini juu ya ngoma ya bendi. "Dada, watu wanakuja kwa ajili yako. Nikikuweka mtawa watataka warudishiwe tiketi."

"Mwanangu anakosa mke kwa ajili ya mchezo wako."

"Mchezo wetu," akasema Agostinho.

Romaldina alivua funguo kiunoni akaziweka mezani kwangu, kati ya poda na sponji. Sijawahi kumwona akizivua mwenyewe. Kila siku mimi ndiye humvua.

Agosti 1
Nimemwota mume wangu anapiga tarumbeta chini ya maji. Ni paa.

Agosti 4
Nimekwenda Chinchinim. Nilibeba chupa ya achari ya kamba, kwa sababu mtu haingii nyumba ya mtu mikono mitupu, hata akienda kugombana.

Perpetua anakaa kwenye baraza lake kama hakimu. Mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mjinga anayeamini tiatri. Nikamwambia, "Mimi ni Natividade. Ule uso unaoukataa ni wa kwangu mimi. Nta, wanja, na unywele wa brashi ya viatu. Kama unataka kumkataa mtu, nikatae mimi."

Akafungua achari, akanusa, akafunga. "Siki imezidi," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Mwenzangu," akasema, "unadhani mimi ni mtoto? Nimeanza kwenda tiatri nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Najua chunjua ni nta. Juni ulilitoa, nikakuona umelitoa. Wiki nyingine ukamfanya mtakatifu. Nilicheka sana siku ile."

"Ulikuwepo?"

"Huwa sikosi. Sasa nikuulize mimi. Lile la kifuniko alilitoa wapi?"

Swali lilikuwa langu.

Akaendelea, "Matusi mtu anaweza kuyatunga. Kufungia mkwe nje, yeyote anatunga. Lakini lile la kunusa na kurudisha bila sauti, hakuna mwanamume anayekaa mezani akaliandika. Lile ama umelifanya, ama umefanyiwa. Mimi nilifanyiwa jambo linalofanana nalo, kwa chumvi, lakini hilo si la leo. Kwa hiyo najua. Kama amelifanya, simtaki. Kama amefanyiwa, namwogopa zaidi, kwa sababu wengi wetu tuliofanyiwa tulingoja zamu yetu."

"Wewe uliingoja?"

Akatazama mvua. "Muulize mkwe wangu. Yuko jikoni. Hatakujibu."

Nilirudi na heshima kwa yule mwanamke, na hasira pia, vyote viwili katika mkoba mmoja.

Agosti 9, Jumapili
Leo sikumuuliza kabla ya mchezo. Nilingoja tumalize, wenzetu wakiwa wanafungasha ala. Mimi humfuta Romaldina kwa mafuta ya nazi, polepole, kwa sababu ngozi yake imechoka. Nilipofika kidevuni nikasema, "Perpetua anajua kwamba hukulitunga."

Kisha akasema bila kufumbua macho.

"Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu naye alikuwa wa meli. Tulibaki wawili nyumbani, mimi na mama yake. Asubuhi ya kwanza nilipika mchuzi wa samaki kama mama yangu alivyonifundisha. Akaja, akainua kifuniko, akanusa, akakirudisha, akaenda kula kwa jirani. Nikasema labda hapendi samaki huyo. Kesho nikapika mwingine. Mama Nati, hajawahi kunitukana, hajawahi kunipiga. Watu wa mtaa walisema nina bahati. Ningemwambia nani? Ningesema nini, kwamba ananusa?"

"Miaka mingapi?"

"Mpaka alipolala kitandani asiweze kuinua kifuniko. Hapo nilimlisha mimi kwa kijiko, akala. Alipokufa nililia kanisani kama ilivyo desturi, sauti kubwa. Mwaka uliofuata marehemu baba yake Agostinho aliniita nicheze mama mkwe. Sikujua kuigiza. Akaniambia fanya chochote. Nikakiona chungu pale jukwaani, nikainua kifuniko."

Mafuta yalikuwa yakimtiririka shingoni, nami nimesahau kufuta.

"Ukumbi mzima ulimzomea," akasema. "Wote. Wanaume, watoto, mapadri. Wote walikuwa upande wangu. Nilikuwa nimesimama pale na uso wake, na wote walikuwa upande wangu."

Mimi nimepaka watu rangi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa nikifikiri kila Jumapili namvika mtu uso wa kutunga.

Agosti 15
Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, mikate ya nazi iliyofungwa kwa majani ya mmea wa manjano. Nimekula mitano. Masuke ya kwanza ya mpunga yamebarikiwa kanisani na yangu nimeyafunga juu ya mlango.

Agosti 16, Jumapili
Mchezo kama kawaida. Umebaki mmoja tu. Romaldina hajabadili nia. Savio amekuja kumchukua mama yake, amekaa kwenye sanduku la bendi, hana hata mzaha. Ananitia huruma. Nimempa biskuti kama mtoto naye amekula kama mtoto.

Agosti 19
Nimemtumia Perpetua maneno kupitia mshenga: "Jibu la swali lako liko chumba cha kuvalia. Njoo ulichukue mwenyewe, mimi si posta."

Agosti 23, Jumapili
Amekuja.

Nilikuwa nimefika kwenye nyusi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Perpetua na mwavuli wake, na nyuma yake binti, Lavina, uso wa mviringo, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Agostinho alitaka kusema wageni hawaruhusiwi. Nikamwambia, "Toka nje kahesabu viti." Akatoka.

Perpetua hakusalimu sana. Alikaa kwenye kiti cha mchekeshaji, mbele ya Romaldina, akamtazama. Nusu ya uso ilikuwa ya Romaldina na nusu nyingine ilikuwa ya yule mwingine. Mkono wangu ulikuwa hewani na penseli.

"Endelea," Perpetua akaniambia. "Sikuja kuharibu kazi ya mtu."

Nikaendelea. Akamuuliza Romaldina, "Ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Yu hai?"

"Amezikwa kwenye makaburi ya Curtorim, karibu na ukuta."

Perpetua akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa anwani aliyokuwa akiitafuta. Lavina alikuwa amesimama mlangoni, maji yakidondoka kutoka kwenye viatu.

"Sasa niambie kweli," Perpetua akasema. "Huyu mtoto akiingia nyumbani kwako, akapika, wewe utafanya nini?"

Nilidhani Romaldina ataapa. Ningekuwa mimi ningeapa kwa watakatifu wote, na wengine ningewabuni. Yeye akasema, "Sijui."

Savio alikuwa nje ya dirisha, nimemsikia akishusha pumzi.

"Sijui, bibi," Romaldina akasema. "Sijawahi kuwa na mkwe. Naogopa kama wewe unavyoogopa. Kuna siku nasimama jikoni peke yangu na mkono unakwenda wenyewe kwenye kifuniko. Ninachojua ni hiki. Kila Jumapili namleta yule mwanamke hapa. Watu wanamzomea. Halafu Mama Nati anamfuta kwa mafuta, na mimi narudi nyumbani peke yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ananingoja hapa mpaka Jumapili nyingine."

Nilikuwa nimemaliza nyusi na sikuwa na la kufanya, nikaanza kusugua brashi safi.

Aliyesema ni binti. "Mimi napika vibaya," akasema. "Nawaambia mapema. Hata bibi anajua."

"Vibaya sana," akasema Perpetua. "Mchuzi wake ni maji ya kuoshea sahani."

Romaldina akacheka, na kijivu kikapasuka chini ya shavu, ikabidi nikirekebishe na nikamfokea kama siku zote. Perpetua akainuka, akaenda kukaa mahali pake mstari wa mbele. Hakusema ndiyo wala hapana.

Nilisimama pembeni. Romaldina alipoinua kifuniko, akanusa, akakirudisha, nilimtazama Perpetua tu. Alisimama. Mwanamke wa umri wangu, na miwani yake ya uzi, alisimama akaweka mikono mdomoni akazomea kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Alizomea mpaka waliomzunguka wakageuka. Alikuwa akilia. Mkwe wake mwenyewe, yule wa jikoni, alikuwa amekaa kando yake. Alimtazama muda mrefu, kisha naye akasimama.

Agosti 25
Mshenga amekuja kwangu moja kwa moja kutoka Chinchinim, hata hakupitia kwa Romaldina, kwa sababu alitaka mtu wa kucheka naye. Posa imekubaliwa. Ila Perpetua ameweka sharti moja.

"Nimepeleka posa maisha yangu yote," mshenga akasema. "Wameniomba mikufu, wameniomba friji, wameniomba bwana harusi aache pombe. Sharti kama hili sijasikia."

"Sema basi, mwanaume."

"Romaldina haruhusiwi kuacha kucheza mama mkwe. Akiacha, uchumba umevunjika. Bibi amesema: yule mwanamke akikosa jukwaa, atahamia nyumbani."

Tulikwenda pamoja kumwambia. Romaldina alikuwa anaosha mchele. Alisikiliza, akakaa chini sakafuni na bakuli mapajani, na Savio akamwinua mama yake na mchele wote, ukamwagika, na hakuna aliyejali isipokuwa kuku.

Septemba 8
Sikukuu ya Mama Maria, na siku yangu ya kuzaliwa. Watoto wamerusha maua. Nimepewa keki mbili, nimekula moja, nyingine nimeificha.

Septemba 13, Jumapili
Tumekusanyika kwa Agostinho kusoma mchezo mpya, wa kiangazi. Savio alikuja kuaga, meli inamngoja mwisho wa mwezi. Lavina alikuja naye, akakaa karibu na Romaldina, wakimenya njegere kutoka sahani moja.

Agostinho amejitahidi. Ameandika matusi mapya, na nyimbo kali za kati. Alisoma vizuri mpaka pazia la mwisho, ambapo mama mkwe anaugua, anamwomba mkwe wake msamaha na kufa mikononi mwake. Bendi inapiga polepole. Agostinho mwenyewe alifuta machozi.

Romaldina akaweka njegere chini. "Hafi."

"Dada, ni mwisho mzuri sana. Ukumbi wote utalia."

"Hafi, wala haombi msamaha. Mwache atoke na mwavuli wake."

"Lakini hadithi lazima iishe."

"Agostinho," akasema, "nimetoa ahadi kwa watu."

Akamtazama Lavina, Lavina akaendelea kumenya. Agostinho alinigeukia mimi nimsaidie. Nikamwambia achukue kalamu.